Roda

Walinipa kamba moja na dakika sita.
"Tutungie muziki," alisema Ossi, "ila usicheze nasi."
Nikauliza maana. Akapandisha mabega,
chaki imempaka hadi kwenye nyusi.

Kiwanda hiki kilifuma pamba enzi za mabibi zetu;
sasa kimebaki madirisha na baridi.
Nje, Tampere imelala chini ya theluji ya mwezi wa pili.
Ndani tunafanya mazoezi na makoti mwilini,
chelo yangu nayo nimeifunika blanketi,
maana mbao, kama mama yangu, huugua baridi yabisi.

Wiki ya kwanza nilitunga vibaya.
Saimi akipanda, nami napanda;
akijiachia, nyuzi nazo nazimwaga,
juu kwa juu, chini kwa chini,
kama anayemsimulia picha mtu mwenye macho yake.
Akashuka. Akafungua kitambaa viganjani, taratibu.
"Usinisimulie," alisema. "Najua nilipo."

Aibu ina nota yake. Iko chini ya do.

Nikaweka upinde. Siku tatu nikasikiliza tu:
nyayo tupu juu ya zulia la mpira, tapa, tapa;
Ossi anavyohesabu kwa pua;
kamba ikijiviringa pajani, inachakarisha
kama karatasi ya sukari.
Nikagundua mwili wa Saimi hauhesabu nane.
Unahesabu saba,
halafu unakopa.

Na juu kabisa, mita tisa, penye boriti ya chuma,
roda ililia.

Si kelele. Ililia, nota mbili,
ya kwanza kavu, ya pili imepinda kidogo,
kama swali la mtoto asiyengoja jibu.
Kamba ikibeba uzito: ii.
Kamba ikiutua: oo.

Nikalegeza uzi wa tatu mpaka ukapatana na chuma.
Usiku, jikoni, mkate mweusi mkononi,
nikajenga nyumba nzima juu ya nota zile mbili,
kuta za saba saba, na kila baada ya saba
pengo la deni, lisilo na kitu,
ambamo roda peke yake ingesema.
Nilijiona mjanja. Nilimpigia hata dada yangu simu.

Alhamisi, siku moja kabla ya onyesho,
Veijo, fundi wa kamba, alipanda na kopo la grisi.
Ana orodha yake ya ukaguzi, huitia alama kwa penseli.
Alishuka akipangusa vidole, mwenye furaha:
"Sasa haitawasumbua tena."

Nimlaumu kwa lipi?
Siku chuma kikimwangusha Saimi
nani ataulizia nota zangu?
Nilimshukuru. Kisha nikaingia chooni
nikafungulia bomba, nikalia kama roda.

Ijumaa. Watu mia na arobaini, makoti magotini.
Saimi akashika kamba, akapanda.
Nikapiga saba. Nikangoja ii.
Kamba ikapita rodani kama siagi.
Nikapiga saba. Nikangoja.
Husemwa kimya kingi kina mshindo;
cha kwangu kilikuwa na kikohozi, safu ya nne,
na upinde unaotetemeka hewani bila kazi.

Ndipo kutoka juu, kichwa chini,
paja limefungwa, nywele zinaning'inia,
Saimi akaguna kupitia meno aliyoyafumba:
ii.
Ossi, chini, mikono tayari, bila kumwangalia mtu:
oo.

Walikosea. Walikuwa nusu sauti juu ya uzi wangu.
Miezi miwili hawakuwahi kuniambia wanaisikia.
Nikasogeza kidole, nikaihamisha nyumba nzima,
paa, kuta na madeni yake,
nikawafuata.

Nyuma ya pazia Veijo aliinua macho kwenye boriti,
akakunja uso,
akaanza kupapasa gizani kutafuta kopo.